Kulala Mandara, Horombo na Kibo: maswali mnayoniuliza kuhusu kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu

Nimepanda Kilimanjaro mara tatu, zote kwa njia ya Marangu, na mara ya kwanza sikufika. Tangu nirudi na ile picha ya kwenye kibao cha kilele cha Uhuru, simu yangu haitulii. Shemeji anauliza, wenzangu wa kazini wanauliza, mama mmoja wa kikoba cha mke wangu anauliza, na maswali ni yale yale. Nimeamua kuyajibu yote mara moja. Mimi si mwongozaji wala daktari. Ni mtu wa Dar es Salaam niliyezoea joto, nikaenda kutafuta baridi kwa hela yangu.

Marangu ina tofauti gani na njia nyingine?

Ukipitia Machame, Lemosho, Rongai au Umbwe, unalala kwenye hema. Marangu ndiyo njia pekee ambayo unatembea kutoka nyumba hadi nyumba: kitanda, godoro, paa juu ya kichwa, meza ya kulia chakula. Vituo ni vitatu, na vimo vyake ni rahisi kukariri kwa jinsi vibao vya mlimani vinavyoviandika: Mandara mita 2,720, Horombo mita 3,720, Kibo mita 4,720. Unaanzia kwenye geti la Marangu, zaidi kidogo ya mita 1,800, na unamalizia Uhuru, mita 5,895. Unashuka kwa njia ile ile uliyopandia.

Waongozaji huiita njia ya Coca-Cola, kwa sababu zamani soda ziliuzwa vibandani. Machame wakaibatiza Whiskey, kwamba ndiyo kali. Majina haya yamewaponza wengi. Mtu akisikia soda na godoro anadhani anakwenda pikiniki, anachukua siku chache, anatembea haraka, na usiku wa tatu anatapika nje ya mlango wa Kibo. Najua, maana mmoja wao nilikuwa mimi.

Siku tano au sita?

Sita. Kama pesa inatosha tano tu, subiri mwaka mwingine. Nikisema hivi watu huona natia chumvi, kwa hiyo ngoja nieleze.

Kwa siku tano ratiba ni hii: siku ya kwanza Mandara, ya pili Horombo, ya tatu Kibo, na usiku huo huo unaanza kupanda kileleni. Asubuhi ya siku ya nne unashuka hadi Horombo, ya tano unatoka getini. Maana yake ni kwamba kila usiku unalala mita elfu moja juu ya ulipolala jana. Ushauri wa kawaida wa madaktari wa milimani ni kwamba ukishavuka mita 3,000, usipandishe mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 hivi kwa usiku mmoja. Marangu inapandisha mara mbili ya hapo. Hata siku sita ni mwendo wa kasi kwa kipimo hicho, ila angalau unapata usiku wa pili Horombo, na mwili unapata nafasi ya kupumua.

Siku hiyo ya ziada si ya kulala. Asubuhi mnapanda taratibu hadi Zebra Rocks, mwamba wenye mistari myeupe na myeusi uliopo kwenye mita 4,000 hivi, au mnaendelea zaidi kuelekea Mawenzi, kilele cha pili cha Kilimanjaro, kisha mnarudi kula na kulala Horombo. Panda juu, lala chini: hiyo ndiyo dawa.

Mara yangu ya kwanza niliuziwa siku tano na kampuni moja ambayo sitaitaja. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na mmoja, nacheza mpira kila Jumamosi, na yule wa ofisini akaniangalia akasema, "Wewe kijana, tano zinakutosha kabisa." Siku mbili za mwanzo niliwapita Wazungu wenye mvi wakitembea kama wanasindikiza maiti. Nikawacheka kimoyomoyo. Usiku wa kileleni niliishia kwenye pango la Hans Meyer, mita kama 5,150, nimekaa juu ya jiwe, nasikia kichwa kinataka kupasuka. Mwongozaji akaniuliza jina la binti yangu. Nikachelewa kulijibu. Akanigeuza papo hapo. Asubuhi, nikiwa nimejikunyata kitandani Kibo, wale wazee wenye mvi waliingia mmoja mmoja, wametoka Uhuru.

Ninaweza kwenda peke yangu, bila kampuni?

Hapana. Sheria za hifadhi zinataka uwe na mwongozaji mwenye leseni, hata kama wewe ni mzaliwa wa Marangu kwenyewe. Utaandikishwa getini, na kila kituo utasaini kitabu.

Gharama zikoje kwetu sisi wenyeji?

Kuna ada ya hifadhi ya kila siku, ada ya kulala vibandani, ada ya uokoaji, halafu mishahara ya timu yako, chakula na usafiri. Kwa raia wa Afrika Mashariki ada za hifadhi ni sehemu ndogo tu ya anayolipa mgeni, na zinatozwa kwa shilingi. Sitaandika tarakimu kwa sababu hubadilika. Ulizia TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, kabla ya kulipa chochote. Beba kitambulisho cha NIDA au pasipoti, la sivyo getini utahesabiwa mgeni, na hapo utajua tofauti.

Dai mchanganuo. Kampuni ikikupa bei moja nene bila kusema ngapi ni ya hifadhi na ngapi ni ya watu, muulize mhusika aiandike. Bei ikiwa ya kutupa, kuna mtu inamkata, na mara nyingi ni mpagazi.

Kila Desemba vikundi vya Watanzania hupanda pamoja ili wawe kileleni tarehe 9, na huko bei huwa nafuu. Ni tarehe yenye uzito mlimani: usiku wa kuamkia Uhuru mwaka 1961, Luteni Alexander Nyirenda alipandisha bendera na mwenge kileleni, na hapo ndipo palipoachana na jina la Kaiser Wilhelm la enzi za Wajerumani. Ila Desemba mvua za vuli huwa hazijaisha vizuri. Jiandae kulowa.

Hao "wagumu" ni nani?

Ni wapagazi. Jina wamejipa wenyewe, na ukimwona mmoja anakupita na mzigo kichwani na begi mgongoni wakati wewe unahema na chupa ya maji, utakubali kwamba wamelistahili. Kwa mpandaji mmoja huweza kuwepo mwongozaji, mpishi na wagumu watatu au zaidi. Wanabeba chakula, gesi, vyombo, nguo zako, na kwa Kibo wanabeba hata maji.

Mzigo wa mgumu mmoja una kikomo cha kilo 20, na hupimwa kwenye mizani getini. Simama pale uangalie. Utajifunza mengi kuhusu kampuni yako kwa kutazama mizani ile dakika tano.

Sisi Waswahili tuna tabia moja mbaya: tunadhani tipu ni ya Wazungu. Mgumu hali utaifa wako. Jipangieni kiasi tangu mkiwa mjini, kiwekeni kwenye bahasha, na siku ya mwisho kitangazwe mbele ya timu nzima ili kila mtu asikie cha kwake. Halafu waite kwa majina. Umri wa baba yako, mwite mzee au baba, si "we mgumu".

Vibanda vyenyewe vikoje?

Mandara na Horombo ni vijumba vya mbao vyenye paa la mteremko mkali linaloshuka karibu na ardhi. Ndani mna vitanda vichache, godoro na mto, na taa ya sola isiyo na nguvu ya kusomea gazeti. Kuna ukumbi wa kulia ambapo makundi yote hukutana. Usitegemee faragha, unaweza kulala na watu usiowajua. Ukikoroma, waambie mapema mcheke, yaishe.

Horombo ndiyo Kariakoo ya mlima. Wanaopanda wapo, wanaopumzika siku ya ziada wapo, na wanaoshuka wapo, wakiwemo waliopanda kwa Rongai ambao nao hushukia huku. Wanaoshuka utawatambua kwa midomo iliyobabuka na kucheka kwa sauti. Waulize maswali, lakini ukisikia mmoja anasema "ni rahisi sana", mpite.

Kibo ni habari nyingine. Ni jengo la mawe kwenye jangwa la mchanga na mawe, vyumba vina vitanda vingi vya ghorofa, baridi imeingia ukutani. Hakuna maji. Yote yanayopikiwa chai hapo yamebebwa kichwani kutoka chini. Kwa hiyo Kibo huogi, hufui, hupotezi hata kikombe.

Kwa ndugu zetu walioko Ulaya waliozoea vibanda vya kwenye Alps, kama wale wanaozunguka Mont Blanc kwa miguu kutoka Ufaransa hadi Italia na Uswisi: kule unakuta mwenye nyumba kakupikia, unalipa unakula. Huku kibanda ni cha kulala tu. Mpishi unakuja naye.

Majina ya Mandara na Horombo yametoka wapi?

Ni majina ya mamangi, yaani watawala, wa Kichaga. Mandara ni yule Mangi Rindi wa Moshi, na Horombo, au Orombo, ni mangi mwenye nguvu wa upande wa Rombo aliyetangulia sana kabla yake. Zamani vibanda hivi viliitwa Bismarck na Peters. Huyo Carl Peters ndiye aliyenyonga watu hapo hapo Kilimanjaro mwanzoni mwa miaka ya 1890, na wenyeji wakamwita Mkono wa Damu. Huwa nafikiria hilo nikisaini kitabu pale Horombo, na nafurahi kulala kwa mangi.

Getini kuna kumbukumbu za Hans Meyer na Ludwig Purtscheller, waliofika kileleni Oktoba 1889. Wazee wa Marangu watakutajia pia Yohani Kinyala Lauwo, kijana wa hapo wanayemkumbuka kama mwongozaji wao.

Njiani nitaona nini?

Siku ya kwanza ni msitu: miti yenye ndevu za kuvu, ukungu, mbega weusi wenye mikia meupe wakikuangalia kwa dharau. Ukifika Mandara na una nguvu, tembea dakika kama ishirini hadi kreta ya Maundi. Siku ya pili unatoka msituni na mara mlima unajitokeza wote. Kuanzia hapo ni vichaka, kisha karibu na Horombo yanaanza yale majitu ya mimea iitwayo senesio, marefu kama watu waliosimama foleni, yakivaa majani makavu kama koti. Siku ya kwenda Kibo unapita Last Water, mahali pa mwisho pa maji, halafu unaingia kwenye tambarare kati ya vilele vya Kibo na Mawenzi. Hapo hakuna kitu. Upepo, mawe, na njia inayoonekana mbele kilomita nzima bila kupungua. Wengine hupachukia, mimi ndipo ninapopapenda kuliko kote.

Mawenzi, mita 5,149, umechongoka na kuvunjikavunjika. Wachaga wana hadithi kwamba alikuwa akienda kila mara kwa Kibo kuomba moto, mpaka Kibo akachoka akampiga, ndiyo maana ana mapengo.

Tutakula nini?

Vizuri kuliko nyumbani, kusema kweli. Asubuhi uji, mayai, mkate, matunda. Jioni supu ya moto, kisha wali au tambi au viazi na mchuzi. Mkifika kituoni kuna chai na bisi; bisi za Horombo baada ya kutembea kutwa sijui kwa nini ni tamu vile. Waambie mapema kama huli nyama fulani au unataka nyama ya kuchinjwa Kiislamu, ili mpishi anunue ipasavyo Moshi.

Kuanzia Horombo hamu ya kula hupungua. Jilazimishe. Ukiona huwezi kabisa hata supu, mwambie mwongozaji. Hiyo ni dalili, si deko. Maji kunywa lita tatu hadi nne kwa siku.

Ugonjwa wa mwinuko nitautambuaje?

Kileleni hewa ina msukumo wa karibu nusu ya ule wa Dar, kwa hiyo kila pumzi inakuletea karibu nusu ya oksijeni uliyoizoea. Mwili hujirekebisha, lakini unataka siku. Usipoupa siku, unaanza kuumwa kichwa, kichefuchefu, kizunguzungu, uchovu, usingizi wa kushtuka. Hivyo ni vya kawaida na wengi huvipata kidogo. Kanuni ni moja: ukiwa na dalili hizo, usipande zaidi mpaka ziishe. Zikizidi, shuka.

Vya kuogopa ni viwili. Kwanza ubongo kuvimba: mtu anayumba kama mlevi, anaongea ovyo, anachanganya mambo. Mwambie atembee mguu mbele ya mguu kwenye mstari ulionyooka. Akishindwa, ashushwe sasa hivi, usiku usiku, bila kungoja asubuhi. Pili mapafu kujaa maji: anakosa pumzi hata akiwa amekaa, anakohoa, kifua kinakoroma, makohozi huweza kuwa na povu au damu. Huyo naye ashushwe. Vyote viwili vinaua kwa saa chache.

Mazoezi hayakukingi, na ujana haukukingi. Huwa ndiyo unaokudanganya.

Nimeze Diamox, ile dawa ya mwinuko?

Mwulize daktari, hasa kama una mzio wa dawa za salfa, una ujauzito, au una tatizo la figo. Wengi huandikiwa miligramu 125 asubuhi na jioni, wakianza siku moja kabla ya kupanda. Itakukojoza sana na vidole vitawashawasha, hiyo ni kawaida. Mimi niliitumia mara ya pili na ya tatu. Inasaidia mwili kuzoea, lakini haifichi kosa la ratiba mbaya.

Usiku wa kileleni ukoje?

Mnaamshwa saa tano usiku, mnakunywa chai na biskuti, mnaondoka karibu saa sita. Mmevaa kila kilichopo. Mbele yenu kuna mlolongo wa taa za vichwani unaopanda juu kiasi kwamba za mwisho huwezi kuzitofautisha na nyota. Sikushauri kuutazama sana.

Njia ni changarawe na mchanga wa volkano, inakwenda zigizaga. Hatua moja mbele, nusu inarudi nyuma. Ndiyo maana mnapita usiku: mchanga ukiwa umeganda kwa baridi unakanyagika vizuri zaidi, na mnafika juu kabla ya mawingu. Mwendo ni pole pole kweli kweli, si ile ya kwenye nyimbo za watalii. Kisigino kinagusa karibu na kidole cha mguu wa mbele. Mwongozaji wangu wa pili alikuwa akihesabu kwa Kichaga, sikuelewa hata neno, lakini mdundo wake ulinipandisha.

Baridi huweza kufika nyuzi 15 chini ya sifuri au zaidi, na upepo unaiongeza. Chupa ya maji ibebe kichwa chini, kwa kuwa maji huanza kuganda juu. Ile mifuko ya maji yenye mrija, mrija huganda kabla ya saa nane. Simu iweke kifuani ndani ya nguo, betri hufa kwa baridi.

Pango la Hans Meyer ni kama nusu ya njia ya kufika ukingoni. Baada ya hapo mteremko unakaza, kisha yanakuja mawe makubwa ya kushikilia kwa mikono, na ghafla ardhi inaisha: umefika Gilman's Point, mita 5,685, ukingo wa kreta. Wengi hufika hapo karibu na alfajiri. Hapa ndipo wengine hukata tamaa kwa sababu walidhani ndiyo mwisho. Bado mita kama 210 za kupanda, zilizosambaa kwenye mwendo wa saa moja na nusu hadi mbili, mkipita Stella Point. Jua huchomoza nyuma ya Mawenzi, na mkono wa kushoto unaona barafu.

Uhuru utakaa dakika kumi, kumi na tano. Kuna foleni ya picha. Halafu mnashuka, siku hiyo hiyo, mpaka Kibo, mnapumzika saa moja, mpaka Horombo. Hakuna aliyeniambia kwamba siku ya kileleni ni ya kutembea zaidi ya saa kumi na mbili, kwa hiyo mimi nawaambia.

Barafu bado ipo?

Ipo, lakini imepungua sana. Tangu mwaka 1912 zaidi ya robo tatu imekwenda. Babu zetu waliona kofia, sisi tunaona vipande. Nenda ukaione.

Nianze lini?

Januari hadi mwanzoni mwa Machi, au Juni hadi Oktoba. Masika ya Machi hadi Mei epuka ukiweza, ingawa kama lazima iwe masika, Marangu ni bora kuliko njia za mahema: angalau utakausha soksi chini ya paa.

Nifanye mazoezi gani, nami naishi Dar tambarare?

Ngazi. Panda ngazi za jengo la ofisi badala ya lifti, ukiwa na begi la kilo sita mgongoni, kwa miezi miwili au mitatu. Wikendi nenda Pugu, na mara moja moja Uluguru pale Morogoro, utembee kutwa nzima. Kushuka nako ni zoezi. Magoti huumia kwenye kushuka.

Kama una wiki nzima ya ziada, panda Meru kwanza. Ni mita 4,566, nako unalala vibandani, Miriakamba kisha Saddle Hut, na unatembea na askari mwenye bunduki kwa sababu ya nyati. Mwili ukitoka Meru moja kwa moja kwenda Marangu, Horombo utaiona kama nyumbani. Walio Kenya wanaweza kufanya hivyo hivyo kwenye Mlima Kenya, kwa njia ya Sirimon: Old Moses, Shipton's, halafu Point Lenana, mita 4,985.

Vifaa nitapata wapi bila kufilisika?

Soko la Memorial, Moshi. Mitumba ya pale ina majaketi ya manyoya, suruali za kuzuia upepo, soksi nene za sufu, vitu ambavyo Ilala havipatikani kwa sababu nani anavitaka? Mfuko wa kulalia, fimbo na koti kubwa la kileleni unaweza kukodi kwa kampuni au maduka ya mjini. Kitu kimoja usikodi wala usinunue jana yake: buti. Zivae mwezi mzima kabla. Beba pia glavu mbili (nyembamba ndani, nene juu), kofia ya kuziba masikio, miwani ya jua iliyo kweli miwani, mafuta ya kukinga jua hata kama wewe ni mweusi tii, tochi ya kichwani na betri za akiba. Na kanga au kitenge. Ni taulo, ni pazia la kubadilishia nguo, ni skafu ya vumbi kwenye tambarare.

Pamba usivae kupanda. Ikilowa jasho haikauki, na baridi inaingilia hapo.

Nitaweza kuswali?

Vizuri kabisa. Kibla kwa Kilimanjaro ni kaskazini, ikielekea mashariki kidogo sana. Ukiwa Horombo, elekea Mawenzi kisha geuka kushoto kidogo, hujakosea. Kibo ambako maji ni ya kubebwa, tayamamu. Waongozaji wamezoea, waambie tu ratiba yako.

Nikiwa kwenye siku zangu?

Utapanda tu. Mwinuko na uchovu huweza kuleta hedhi mapema, kwa hiyo beba pedi hata kama hesabu inasema bado. Zilizotumika zifungwe vizuri na kushuka nazo, usizitupe chooni. Vyoo vya Mandara na Horombo vina maji, vya Kibo ni vya shimo. Dada mmoja niliyepanda naye alibeba mfuko mweusi wa kitambaa kwa kazi hiyo, na hakuna aliyejua chochote.

Takataka je?

Ulichopanda nacho, shuka nacho. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchi nzima tangu Juni 1, 2019, na chupa za maji za kutumia mara moja haziruhusiwi mlimani. Njoo na chupa yako ngumu.

Mtandao upo?

Unapatikana sehemu nyingi, unakatika sehemu nyingi. Mwaka 2022 shirika la simu la TTCL lilifikisha intaneti ya kasi Horombo. Mwambie mama yako kwamba ukikaa kimya siku mbili hujafa.

Watoto?

Walio chini ya miaka 10 hawaruhusiwi kwenda kileleni. Ila kumpeleka mtoto Mandara kwa matembezi ya siku moja na kurudi ni zawadi kubwa. Wangu alimwona mbega na anaongea habari zake mpaka leo.

Nikishindwa njiani inakuwaje?

Unashushwa. Kama unaweza kutembea, mwongozaji msaidizi anashuka nawe huku wenzako wakiendelea; ndiyo maana kundi linahitaji waongozaji wa kutosha, ulizia hilo kabla. Kama huwezi, kuna machela ya gurudumu moja ambayo wagumu huikimbiza kuteremka kwa kasi ya kutisha. Helikopta pia zipo, bima yako ikiwa inazikubali. Aliyefika Gilman's hupata cheti chake, tofauti na cha Uhuru. Aliyeishia pangoni, kama mimi, hapati karatasi.

Na nikishuka?

Magoti yatauma siku tatu, utashuka ngazi za nyumbani kinyumenyume. Wengi hukimbilia Moshi mjini kuoga. Mimi husimama Marangu Mtoni kwanza, na vumbi langu lote, naagiza mtori, na anayetaka mbege aagize mbege.